Mkopo una tarehe, shamba lina msimu

Wakulima na wafugaji wa Kibaha na Kisarawe wana soko la mamilioni ya watu mlangoni mwao. Kinachowaangusha wengi si kukosa mkopo tu, bali ni kuchukua mkopo ambao rejesho lake haliendani na shughuli wanayoifanya.

KILA alfajiri pikipiki na magari madogo yaliyosheheni trei za mayai na matenga ya kuku hupita Maili Moja, Kibaha, yakifuata Barabara ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam. Kwa upande wa Kisarawe, magari yanayoteremka Pugu hubeba muhogo mbichi, machungwa, maembe na, kwa bahati mbaya, mkaa. Mizigo yote hiyo inakwenda kwenye soko moja.

Soko hilo si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mkoa wa Pwani wenyewe, ambao Kibaha ndiyo makao yake makuu, ulikuwa na watu takriban milioni 1.1 mwaka 2012, na baada ya miaka kumi ulifikia takriban milioni 2. Ni wakulima wachache nchini wanaoamka asubuhi wakiwa na walaji wengi kiasi hicho umbali wa saa moja au mbili kwa gari.

Hata hivyo, ukaribu huo una pande mbili. Jiji linalonunua mayai na muhogo ndilo pia linalonunua mashamba. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inapita Pugu, Soga na Ruvu, na bandari kavu imejengwa Kwala. Ekari ambayo miaka ya nyuma haikuwa na mwenye haja nayo, leo ina dalali. Katika hali hiyo, mkulima anayekopa vibaya hapotezi msimu mmoja tu. Huuza kipande cha shamba ili alipe deni, na kipande hicho hakirudi.

Ndiyo maana suala la mtaji wa kupanua na kuchanganya shughuli za kilimo katika wilaya hizi mbili linahitaji hesabu kabla ya sahihi.

Ilikotoka mikopo ya kilimo

Kibaha si mgeni wa ufugaji wa kitaalamu. Mradi wa Nordic, ulioanzishwa kwa makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, ulileta shule, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima pale Tumbi. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wilaya hiyo pia ina kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia miwa na muhogo, na ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI.

Elimu ilikuwapo, lakini mtaji ulisuasua. Benki ya Maendeleo Vijijini iliyoanzishwa mwaka 1971 iligeuzwa mwaka 1984 kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB ya zamani, kisha ikabinafsishwa mwaka 1996. Mwaka uliofuata NBC iligawanywa na NMB ikazaliwa. Kipindi hicho cha mageuzi benki zilijifunza kuchagua wateja, na mkulima mdogo hakuwa wa kwanza kwenye orodha. Mwaka 2006 serikali ilitenga shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa, fedha zilizojulikana mitaani kama "mabilioni ya JK", lakini waombaji walikuwa wengi kuliko fungu lenyewe.

Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB, ilizinduliwa Agosti 2015. Mwaka 2018 ilianza mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo inayotolewa na benki nyingine. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza shilingi trilioni 1 za kukopesha benki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba benki hizo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2022, CRDB na NMB zilikuwa zimetangaza mikopo ya kilimo kwa asilimia 9, wakati hapo awali mkulima alizoea kusikia asilimia 17, 18 na hata 20.

Kwa hiyo fedha zipo kuliko zilivyokuwa. Swali lililobaki ni fedha ipi kwa kazi ipi.

Kuku 500 na hesabu ya trei

Chukua mfano wa mfugaji wa Visiga anayetaka kuanza na kuku wa mayai 500. Wengi huanza kwa kuhesabu bei ya vifaranga na gharama ya banda, wakaona mradi unawezekana. Mzigo wenyewe uko kwenye chakula.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Hadi kufika hapo, kila mmoja atakuwa amekula takriban kilo 7 za chakula. Kuku 500 ni kilo 3,500, sawa na mifuko 70 ya kilo 50, kabla yai la kwanza halijaokotwa. Ongeza chanjo za kideri, gumboro na ndui, maranda, joto la vifaranga na mshahara wa kijana wa bandani. Kwa miezi minne na zaidi fedha inatoka tu.

Sasa mfugaji huyu akichukua mkopo wa kawaida wa biashara, ambao rejesho la kwanza ni baada ya siku 30, atatakiwa kulipa marejesho manne kabla hajauza trei moja. Atalipa kwa nini? Atalipa kwa fedha ileile ya mkopo iliyotengwa kwa ajili ya chakula. Kuku watapunguziwa chakula, watachelewa kutaga, na watakapotaga watataga kidogo. Mara nyingi husemwa kwamba "kuku wamemfilisi", wakati kilichomfilisi ni tarehe ya rejesho.

Kuku wakishaanza kutaga, hesabu ni nyepesi na kila mfugaji anaweza kuifanya bila kikokotoo. Kuku 500 wanaotaga hula takriban gramu 120 kila mmoja kwa siku, yaani kilo 60 kwa siku, au mifuko 36 kwa mwezi wa siku 30. Wakitaga kwa asilimia 80, ni mayai 400 kwa siku, yaani mayai 12,000 kwa mwezi. Hizo ni trei 400.

Hapo kuna mifuko 36 upande mmoja na trei 400 upande wa pili. Mfugaji ajiulize: mfuko mmoja wa chakula leo unanunuliwa kwa trei ngapi? Ukiwa ni trei 8, chakula kinakula trei 288 na zinabaki 112. Ukiwa ni trei 10, zinabaki 40. Ukifika trei 11, zinabaki 4, na hapo bado hajalipa dawa, umeme, usafiri wala mayai yaliyovunjika. Mahindi na mashudu ya alizeti yakipanda bei, mfugaji anaweza kuvuka kutoka trei 112 hadi 4 bila kuku wake kubadilika hata kidogo.

Kipimo hiki cha mfuko kwa trei ndicho kinachofaa kwenda nacho kwa afisa mikopo. Rejesho la mwezi liandikwe kwa trei, si kwa shilingi tu. Ikiwa mfuko ni trei 8 na zinabaki 112, rejesho la trei 50 linabebeka. Rejesho la trei 100 ni kamari, kwa sababu wiki moja ya kuku kukohoa inatosha kulivuruga.

Ushauri unaotokana na hesabu hiyo ni kwamba fedha ya banda na fedha ya chakula zisichanganywe. Banda ni la miaka mingi, hivyo lijengwe kwa akiba au kwa mkopo wa miaka. Chakula cha miezi mitano ya kwanza kiwe mkononi, au mkopo uwe na muda wa kusubiri kabla ya rejesho la kwanza. Muda huo huombwa wakati wa maombi na kuandikwa kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya afisa haitamsaidia mkopaji pale afisa huyo atakapohamishwa kituo.

Muhogo na korosho hazijui mwisho wa mwezi

Kisarawe ina hesabu nyingine. Ukitoka mjini kwenda Masaki, Msanga na Maneromango, mazao yanayobeba kaya nyingi ni muhogo, korosho, minazi na matunda. Hakuna hata moja linaloleta fedha kila mwisho wa mwezi.

Ekari moja ya muhogo uliopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja ina mashina yapatayo 4,000. Maana yake ni kwamba kila kilo moja inayoongezeka kwenye shina ni tani 4 zaidi kwa ekari. Shina la kilo moja ni tani 4, na shina la kilo mbili ni tani 8, kwa palizi ileile na eneo lilelile. Kinachoangusha uzito huo katika ukanda wa pwani ni magonjwa mawili, batobato na michirizi ya kahawia, ambayo husambaa kwa nzi weupe na kwa pingili zilizotoka kwenye shamba lenye ugonjwa.

Hivyo basi, kabla ya kukopa kwa ajili ya kuongeza ekari, mkulima wa muhogo ana uwekezaji wa bei nafuu kuliko wote: pingili safi za aina bora kama Kiroba, Chereko, Kipusa au Mkuranga 1. Aidha, kuzalisha pingili safi ni biashara ya pili kwenye shamba hilohilo. Wazalishaji wa mbegu za muhogo hukaguliwa na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, na mwenye shamba lililokaguliwa huuza mizizi pamoja na shina.

Tatizo la muhogo ni kwamba ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Mnunuzi analijua hilo. Mkulima anayedaiwa rejesho wiki hii hana ubavu wa kumwambia mnunuzi arudi wiki ijayo. Ndipo shamba huuzwa likiwa bado ardhini, kwa kukadiria kwa macho, wakati mwingine muhogo ukiwa na miezi saba tu. Mashine ndogo ya kuchakata na kichanja cha kukaushia, vikimilikiwa na kikundi, hutoa kitu ambacho mkopo hauwezi kutoa: uwezo wa kusubiri.

Kwa korosho, mkopo mbaya kuliko yote haujawahi kuitwa mkopo. Ni kangomba. Mtu huja kijijini miezi ya njaa, kabla ya mavuno ya kuanzia Oktoba, akampa mkulima fedha kwa ahadi ya korosho. Tuseme mkulima amepokea shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Agosti, na Novemba kilo hiyo ikauzwa shilingi 2,000 mnadani. Amelipa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitatu, wala neno riba halikutajwa.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulitungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, kisha ukaenea mikoa mingine ukiwamo Pwani. Mkulima hukusanya korosho kupitia chama cha msingi, zinapelekwa ghalani, zinauzwa mnadani, na malipo hupita kwenye akaunti. Mfumo umekuwa na malalamiko yake, hasa makato na ucheleweshaji wa malipo. Msimu wa 2018, serikali ilipokataa bei za wanunuzi na kutangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo wakulima waliosubiri fedha zao kwa muda mrefu. Lakini mfumo una faida moja ambayo wengi hawaitumii: kumbukumbu ya mauzo iliyo kwenye akaunti ya benki kwa misimu mitatu au minne ni ushahidi wa kipato, na afisa mikopo huusoma ushahidi huo kabla ya maelezo yoyote ya mdomo.

Kuchanganya shughuli kwa mpangilio

Wengi husikia ushauri wa kufanya kilimo mseto wakadhani ni kuanzisha mambo matano kwa pamoja. Kiuchumi, maana yake ni kuwa na shughuli zinazopishana kwa wakati. Mchicha na matembele hutoa fedha ndani ya wiki nne hadi sita. Kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano au sita. Mayai hutoa fedha kila siku baada ya mwezi wa tano. Muhogo ni miezi tisa hadi kumi na miwili. Korosho iliyobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu.

Kaya yenye mikorosho na muhogo, ikiongeza bustani ndogo penye maji au kuku wachache wa kienyeji, inapata fedha ya kulipia chumvi, ada na rejesho dogo bila kugusa zao kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya shughuli ndogo: kulinda ile kubwa isiuzwe mapema. Anayefuga kuku wa nyama 1,000 mwezi wa kwanza na kufungua duka la pembejeo mwezi wa pili, vyote kwa mkopo mmoja, amegawanya mtaji katika vipande visivyotosha popote.

Uchaguzi wa mkopo

Njia zilizopo ni nyingi, na kila moja ina mahali pake.

Vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa vinafaa kwa mahitaji madogo ya haraka kama chanjo, mbegu au palizi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. SACCOS ziko daraja la tatu, na mara nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, hivyo zinafaa kwa banda, pampu au pikipiki ya mizigo.

Mikopo ya halmashauri inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na urejeshaji, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi vinavyodumu ni vile vilivyokuwa vikiweka akiba kabla ya kusikia habari za mkopo.

Benki zenye riba ya asilimia 9 au 10 zinataka dhamana, kumbukumbu na mara nyingi mnunuzi anayejulikana. Dhamana ya TADB huishawishi benki ikubali kumkopesha mkulima mdogo, lakini isichukuliwe kuwa ni msamaha. Inailinda benki na sehemu ya hasara. Mkopaji bado anadaiwa.

Mwisho ni ile mikopo ambayo wananchi wameipa jina lake, "kausha damu", pamoja na mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilichapisha orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hakuna shughuli ya shambani inayozalisha faida ya kulipa riba ya wiki.

Riba yenyewe iulizwe kwa maneno kamili. Asilimia 3 kwa mwezi si asilimia 3 kwa mwaka, ni 36. Na kuna riba inayokokotolewa kwa deni la awali hadi mwisho, na nyingine inayopungua kadiri deni linavyolipwa. Mkopo wa shilingi milioni 2 kwa miezi 12, kwa asilimia 3 ya deni la awali kila mwezi, una riba ya shilingi 720,000. Kwa asilimia hiyohiyo inayofuata deni lililobaki, ikiwa mkopaji anapunguza deni kwa kiasi kilekile kila mwezi, riba ni shilingi 390,000. Tofauti ni shilingi 330,000, na tangazo la ukutani linaweza kuwa linafanana.

Shamba linapowekwa rehani

Katika vijiji, hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Katika mitaa ya mji kunahitajika hati ya ardhi iliyopimwa. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano, haina nguvu ya hati.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Bibi na bwana wakae mezani, wasomewe mkataba wote wawili, kila mmoja ajue rejesho ni trei ngapi au magunia mangapi. Mkopaji akishindwa kulipa, sheria inampa notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajachukua hatua ya kuuza. Siku hizo ni za kwenda benki kuomba marejesho yapangwe upya. Wanaozima simu huzipoteza.

Kabla ya kutia sahihi, mkulima anashauriwa awe na majibu ya maswali haya:

- Fedha ya kwanza kutoka kwenye mradi itaingia tarehe ngapi, na rejesho la kwanza ni tarehe ngapi?
- Riba ni ya mwezi au ya mwaka, na inakokotolewa kwa deni la awali au lililobaki?
- Ada, bima na makato mengine ni shilingi ngapi, na fedha itakayofika mkononi ni kiasi gani?
- Bei ikishuka kwa robo, rejesho litalipwa na nini?
- Ni shughuli ipi nyingine ya nyumbani itakayobeba rejesho la miezi miwili ikiwa kuku wataugua au mvua za masika zitakata barabara?
- Kitu gani kimewekwa dhamana, na nani mwingine nyumbani anajua?

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Daftari la shilingi chache, lenye tarehe ya kupanda, idadi ya mifuko na idadi ya trei, ndilo linalomwezesha mkulima wa Mlandizi au Maneromango kujua mkopo upi aukubali na upi aukatae. Mkopo unaoweza kusubiri muhogo ukomae unastahili sahihi yake. Ule usioweza kusubiri utalipwa kwa ekari, na madalali wa ekari tayari wamo kijijini.